Tambara Bichi Juu ya Alizeti

"Nyumba yangu kubwa haina mlango," husema watoto wakitegeana, na hata mtoto wa juzi hujibu: yai. Basi majira yale ya baridi, kila asubuhi ya Mungu, Pulchérie alikuwa akitoka kwake Regent Park, Toronto, anatembea dakika kumi na mbili, anakwenda kuingia ndani ya yai.

Lilikuwa yai la plastiki. Mafundi walikuwa wameizungushia nyumba ya zamani jukwaa la vyuma toka chini hadi paani, kisha jukwaa lote wakalivika turubai jeupe, ili upepo wa Desemba usiwakate vidole. Ukishapanda ngazi na kufunga zipu nyuma yako, mtaa wa Cabbagetown umekwisha. Husikii ila tramu ikipita mbali na hita ikinguruma. Mwanga wa humo hauna upande, jua hujui liko wapi. Pulchérie, mjane wa miaka hamsini na sita, alikaa humo kutwa nzima na brashi ya manyoya laini, akiusafisha uso wa ukuta.

Na ukuta wenyewe ulikuwa na uso kweli. Walioijenga nyumba ile mwaka 1889 walipenda mapambo. Chini ya madirisha ya ghorofa ya juu walipanga mshipi wa vigae vya udongo wa kuchoma, ishirini na viwili, vyekundu kama ulimi, kila kimoja kina ua la alizeti lililochomoza, petali juu ya petali, na majani mawili yamejikunja kando. Masizi ya makaa ya mawe ya enzi hizo yalikuwa yameziba kila kitu. Pulchérie akisugua, ua linafumbua jicho.

Kazi hiyo alitafutiwa na Déo, fundi mkuu wa jukwaa lile, Mrundi wa Ngozi, shemasi wa kanisa lao. Déo ndiye baba yake Nadège, na Nadège ndiye msichana ambaye Elysée, mtoto pekee wa Pulchérie, alitaka kumwoa. Jumamosi ya wiki ile Pulchérie na mwanawe walikuwa waende nyumbani kwa Déo kupeleka posa. Nadège alikuwa amekwisha kununua kitambaa.

Sasa sikiliza lililokuwa limemkaba mama huyu. Kanisani watu wote walimjua kuwa ni mtu wa Uvira, Kongo, binti wa karani wa misheni. Hakuwa mtu wa Uvira. Uvira alikimbilia tu, wakati wa vita, akaolewa huko, akamzaa Elysée huko. Alizaliwa Kayanza, Burundi, kilimani juu ya bonde la matope, na mama yake alikuwa mfinyanzi, Mtwa.

Watwa ndio waliowafinyangia watu vyungu vya kupikia, mitungi ya maji na ya pombe, tangu zamani. Watu walinunua vyungu vyao, wakapika, wakala, wakashiba, lakini hawakukubali kunywa nao chombo kimoja. Waswahili wana methali, mfinyanzi hulia gaeni. Kwa mama yake Pulchérie haikuwa methali. Kwenye harusi za majirani alipewa chake pembeni, katika kigae cha chungu kilichovunjika, na alipoondoka kigae kilitupwa.

Jumapili ya kwanza Toronto, mama mmoja alimwuliza wewe ni wa wapi, naye akajibu, Uvira. Neno moja tu. Lakini uongo ni kama mimba, haukai ulivyo. Akalazimika kuwa na baba karani. Akalazimika kutokujua Kirundi. Miaka kumi na moja, mzaha wa Watwa ukitolewa mezani, alingoja atafsiriwe ndipo acheke.

Jumatatu jioni, wenzake wakikusanya vifaa, alikuwa akivigonga vigae kwa kifundo cha kidole. Hakuna aliyemtuma. Mkono wenyewe ulifanya. Ngi, ngi, ngi, vilijibu, vizima vyote. Cha kumi na saba kikajibu: do.

Akakigonga tena. Do.

Macho hayakuona ufa. Mama yake alikuwa na dawa ya hilo: unalowesha tambara, unakitundikia chungu, unakiacha kinywe maji usiku kucha. Asubuhi ukiondoa tambara, udongo mzima hukauka upesi, palipo na ufa pakabaki na mstari mweusi kama unywele. Chungu hakiwezi kuficha. Pulchérie akachota maji kwa kikombe, akalowesha tambara, akalitundika juu ya alizeti ya kumi na saba, akashuka.

Kayanza ni baridi, lakini maji ya Kayanza hayajawahi kugeuka jiwe.

Hita ilizimwa kila jioni kwa ajili ya hofu ya moto. Usiku ule ukaja ubaridi wa nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Kigae kile kilikuwa kimenyeshewa miaka mia na thelathini na zaidi bila kudhurika, kwa sababu chokaa pembeni yake ilikuwa imekifunga vizuri. Lakini wiki ile Déo alikuwa amekwisha kuichimba chokaa ya zamani ili aweke mpya, na maji ya tambara yakapata njia hadi mgongoni.

Kuna kitendawili: nilizaliwa laini, moto ukanifanya mgumu, maji ya kunywa yakaniua. Pulchérie alikitegua asubuhi ya Jumanne, alipofika wa kwanza. Uso wote wa alizeti ulikuwa umebanduka, umelala vipande vitatu juu ya mbao za jukwaa. Tambara lilikuwa limeganda, gumu kama samaki wa kukaushwa. Alilikunja kwa nguvu, likalia kama kuni, akalitia ndani ya koti. Likamgandia ubavuni.

Wenzake ndio kwanza wanaanza kazi, akaja Riyaz, mwenye kampuni. Riyaz alizaliwa Mwanza, akaletwa Toronto mtoto mdogo, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani kwa babu yake. Alikuwa mtu wa utani. Siku hiyo utani ulimkauka. Alivitazama vile vipande, akaitazama chokaa iliyochimbwa pembeni, akamtazama Déo.

"Bwana Déo, patasi yako ilipita hapa jana?"

"Ilipita. Lakini sikukigusa."

"Hukukigusa, kikajibandua chenyewe. Kimechoka kukaa ukutani."

"Bosi, ningekipiga ningesema."

"Watu wote wa patasi husema hivyo." Riyaz akavua miwani. "Nyumba hii iko kwenye orodha ya jiji ya nyumba za urithi. Kila ua limehesabiwa, limepigwa picha. Mkaguzi akija nitamwambia nini, shemasi wangu ameapa? Nenda nyumbani kwanza. Mpaka Ijumaa nitajua la kufanya na wewe."

Déo akavua kofia yake ya kazi. Hakubishana. Willy, mwashi wa Bukavu aliyekuwa akikoroga chokaa, aliacha kukoroga. Pulchérie alisikia tambara likianza kuyeyuka, maji yakimtiririka hadi kwenye nyonga, na ndani ya lile yai jeupe hapakuwa na pembe ya kugeuzia uso.

Akinyamaza, mwenzake anabeba mzigo wake. Akisema, ataulizwa kwa nini. Na jibu la kwa nini lilikuwa moja tu.

Alijaribu kulikata katikati.

"Ni mimi," akasema. "Jana jioni nilikiosha kwa maji. Sikujua."

Riyaz akamgeukia. "Maji? Dada yangu, nani anaosha ukuta jioni mwezi wa Desemba?"

"Mtu wa Uvira," akasema Willy, na Riyaz akacheka bila kutaka.

Basi Déo akarudishiwa kofia. Riyaz akamwomba radhi palepale, maana hakuwa mtu mbaya, akaondoka akijikuna kichwa. Pulchérie alidhani amepita. Lakini nusu ya kweli ni kama nusu ya ngazi.

Jioni Déo alimsindikiza. Walikwenda mpaka taa za Mtaa wa Parliament, theluji ikipiga kelele chini ya viatu.

"Mama Elysée, umeniokoa. Ahsante."

"Kosa langu, Baba Nadège."

"Lakini hukuosha." Alisema taratibu, kama anayesoma. "Ndoo ilikuwa kwangu. Nililiona tambara wakati nashuka kufunga gesi. Nilidhani umelianika. Usiku kucha nimelala vizuri, sikuliwaza. Leo ndio nimeliwaza."

Taa ikawa ya kijani. Hakuna aliyevuka.

"Sokoni kwetu Ngozi," Déo akaendelea, "walikuwa wanakuja akina mama na vyungu, wamevitundikia matambara mabichi. Mnunuzi hafanyi hivyo. Mnunuzi hugonga tu akapatana. Ni wafinyanzi wenyewe."

Déo akasema neno kwa Kirundi, polepole, neno la kuuliza, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja Pulchérie hakungoja atafsiriwe. Aliinamisha kichwa.

Déo akavuta pumzi. Mvuke ukamtoka kama wa sufuria. "Yesu. Na vichekesho vyote vile nilivyovitoa mbele yako."

"Vingine vilichekesha."

"Usinitanie." Akajipapasa uso kwa glovu. "Elysée anajua?"

"Hajui."

"Basi sikiliza. Mimi sijaona tambara. Wewe ni mtu wa Uvira, baba yako karani. Jumamosi mnakuja, tunakula, watoto wanaoana. Mke wangu asijue, kaka zangu wasijue. Litakufa kati yetu wawili. Sawa?"

Aliyasema kwa huruma, na huruma yenyewe haikuwa ya uongo. Pulchérie akasema sawa. Akavuka barabara, akapanda lifti mpaka ghorofa ya tisa, na lifti ilipofunga milango yake akaona kwamba mpaka jana kitasa cha siri yake kilikuwa mkononi mwake. Leo kiko kwa mtu mwingine, tena mtu mwema, anayekifunga kwa upole. Atakaa nyumbani kwa wakwe zake kama mgeni aliyefichwa kabatini. Wajukuu watazaliwa, watauliza, yeye na Déo watatazamana.

Jumatano alifanya kazi bila kuona. Alipokiokota kipande kimoja cha alizeti na kukigeuza, nyuma yake alikuta michirizi minne iliyolala sambamba. Vidole. Mtu aliukandamiza udongo ndani ya kalibu kwa vidole vyake, mbio mbio, labda alikuwa na vingine mia vya kufyatua siku hiyo. Upande wa mbele walimpa ua; upande wa nyuma, ambao hakuna atakayeutazama, akaacha mkono. Pulchérie akaweka vidole vyake kwenye ile michirizi. Mkono ule ulikuwa mdogo kuliko wake, labda wa mwanamke, labda wa mtoto.

Asubuhi ya Alhamisi, Elysée akinywa chai, macho kwenye simu, kabla ya zamu yake hospitalini, Pulchérie alimwambia kweli ya Kayanza. Mwanawe husikia Kiswahili chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, na mama akikisikia hukigeuza mwenyewe kichwani.

"Kwa hiyo?" akasema Elysée.

"Kwa hiyo nini?"

"Kwa hiyo bibi alikuwa anafinyanga. Mama, kazini kwetu watu hulipia darasa la kufinyanga. Wanavaa aproni, wanajipiga picha na bakuli limepinda."

Pulchérie akamweleza tena: kigae cha pembeni, chombo kisichoshirikiwa, mizaha. Akamweleza na mpango wa Déo. Elysée akaweka kikombe chini. Alikuwa haikodolei tena simu.

"Kumbe Kirundi unakielewa," akasema. "Nadège amekuwa akinifundisha. Nimekuwa nikija hapa nakufundisha wewe, unarudia nyuma yangu kama mtoto. Habari, amakuru. Nzuri, ni meza. Ulikuwa unajifanya unakosea?"

"Ndiyo."

"Uliniacha nikusahihishe."

Elysée akavaa koti. Mlangoni akasema, safari hii kwa Kiswahili chake kibovu kibovu, "Mimi nitaoa Nadège. Lakini wewe, mama, usikuja Jumamosi kama mtu mwingine. Mimi nachoka na huyo mtu mwingine hata sijui yeye." Akatoka.

Saa tano Riyaz alipanda jukwaani na mfuko wa plasta chini ya kwapa, amechangamka.

"Nimepata dawa. Wale wa viwanda vya ng'ambo wanataka miezi saba kwa kigae kimoja, muda huo hata mtoto wa binadamu anakaribia kuzaliwa. Tutatoa chapa ya jirani yake huyu kwa plasta, tunapata kalibu. Kuna fundi Scarborough ana tanuri, anajaza udongo, anachoma, kwisha. Ua lilelile, kipimo kilekile."

Déo akatikisa kichwa kukubali. Willy akasema safi.

"Kitakuja kidogo," akasema Pulchérie.

Ulimi ulitangulia. Riyaz akamtazama.

"Kidogo namna gani?"

Nyuma ya bega la Riyaz, Déo alikuwa anamtazama pia, akamfanyia ishara ya kichwa, ndogo, hapana. Mlango ulikuwa bado uko wazi kurudi ndani. Angeweza kusema, sijui, nimewaza tu. Riyaz angecheka, plasta ingekorogwa.

"Udongo ukikauka hunywea," akasema. "Ukichomwa hunywea tena. Ukiufyatua kwa kipimo hiki, utatoka umepungua upana wa kidole, na ua litakaa kwenye tundu lake kama jino la mtoto kwenye mdomo wa mzee. Lazima kalibu iwe kubwa. Na udongo wa dukani mtupu utapasuka; usage vipande hivi vya zamani, uchanganye, ndipo ushikane. Na usikimbizwe. Wiki tatu kivulini, chini ya nailoni."

Hita ilinguruma. Riyaz akaweka mfuko chini.

"Dada yangu, umejulia wapi haya?"

"Kwa mama yangu. Alikuwa mfinyanzi, Kayanza." Akashika chuma cha jukwaa. "Mimi si mtu wa Uvira, mzee. Baba yangu hakuwa karani. Sisi ni Watwa wa Burundi. Tambara nililiweka kutafuta ufa, ndivyo tunavyofanya. Barafu sikuifikiria."

Riyaz hakuelewa uzito wake. Kwake Kayanza na Uvira vyote vilikuwa ng'ambo ya ziwa lilelile. "Ala," akasema, "kumbe nina fundi hapahapa namlipia brashi."

Willy alielewa. Alitazama chini, kisha akasema, "Hata mama yangu alikuwa na chungu chao. Alikipenda kuliko sisi." Ulikuwa mzaha, lakini alikuwa anatafuta pa kuweka mguu, na Pulchérie alimshukuru kwa macho.

Déo alifungua zipu ya turubai, baridi ikaingia kama kisu, akashuka ngazi. Zipu ikabaki wazi. Pulchérie ndiye aliyeifunga.

Mchana ule Riyaz alileta udongo mwekundu, kilo ishirini, na ubao. Pulchérie alivisaga vipande vya alizeti iliyokufa kwa nyundo, akavichekecha kwa chujio la chai, akaukanda udongo akiwa amepiga magoti. Mikono haikuwa imesahau. Hilo ndilo lililomliza, si jingine. Udongo ulikuwa baridi, ukakataa, kisha ukakubali. Turubai lilikuwa palepale, jeupe pande zote, na Jumamosi ilikuwa palepale, na hakujua kama kuna nyumba itakayomfungulia. Elysée hakupiga simu. Déo hakurudi kazini, wala Ijumaa asubuhi hakuonekana.

Ijumaa saa tisa alasiri, Pulchérie mikono imejaa matope, anachora petali ya sita kwa kijiti, simu ikalia mfukoni. Willy akaitoa, akalitazama jina, akamwekea sikioni.

"Mama Elysée." Sauti ya Déo ilikuwa ya mtu aliyekesha.

"Nakusikia."

"Nimemwambia mke wangu. Nilikuambia lisisemwe, nimelisema mimi. Nimeona siwezi kuketi naye mezani nikiwa nimekuficha, ningekuwa nakutazama wewe kila kijiko. Hajanijibu. Yuko jikoni tangu asubuhi, anakata vitunguu ambavyo sijui vinaliwa na nani. Kaka yangu mkubwa nimemwambia pia, amesema hatakuja."

Pulchérie alitazama alizeti isiyokwisha. Petali tano, na ya sita nusu.

"Basi tusije?"

"Sijasema hivyo. Nadège ameshatandika meza ya kesho. Ametandika bila kuniuliza." Kwa nyuma kulisikika kisu kikigonga ubao, kikaacha, kikaanza tena. "Mimi nimepiga kuuliza mtakuja wangapi. Mke wangu sijui atakaa nasi au hatakaa, sikuahidi. Lakini mimi nitakaa. Sahani zote ni za namna moja, nimeziangalia mwenyewe."

Willy akaisogeza simu karibu zaidi.

"Wawili," akasema Pulchérie. "Mimi na mtoto wangu. Ndugu wengine sina huku."

"Wawili," akarudia Déo. "Saa nane mchana. Vaeni viatu vizuri, kwenye ngazi kuna barafu." Akakata.

Willy akairudisha simu mfukoni mwa Pulchérie. Udongo ulikuwa umeanza kukauka pembeni, na udongo haungoji mtu amalize kulia. Pulchérie akalowesha vidole, akarudi kwenye petali ya sita.